Ree Mbili na Salamu Moja

Baba yangu ana namna yake ya kututambulisha kwa wageni. Anatusimamisha mstari kwa umri, hata sasa ambapo wengine tumeshaota mvi mbili tatu, na anaanza na kaka mkubwa. "Huyu ni mwalimu, anafundisha Nyakatuntu." Anakuja wa pili. "Huyu ni fundi pikipiki, na shamba la kahawa analo." Akifika kwangu, wa tatu, anakohoa kidogo, sauti inashuka, anasema, "Huyu yuko Kampala, kwenye mambo ya hoteli." Hapo hapo anarukia kwa mdogo wetu wa mwisho, ambaye ni muuguzi, na sauti inapanda tena mpaka kuku wa uani wanasogea.

Mambo ya hoteli! Niliyasikia maneno hayo mara nyingi hadi nikawa nayachukia kama uji wa shule.

Si kwamba alidanganya. Kweli nilikwenda Kampala kufanya kazi hotelini, na kweli siku zangu nyingi bado zinapita ndani ya hoteli. Lakini simenyi ndizi wala sitandiki vitanda. Nacheza karata. Mchezo wenyewe unaitwa poka, na mimi nacheza mashindano ya ana kwa ana, watu wamekaa meza moja wanatazamana usoni, si ule wa kwenye simu. Ndiyo kazi yangu, na ndiyo iliyoezeka jiko la mama kwa bati. Kwa miaka kadhaa nilichokitaka kwa baba kilikuwa kitu kimoja tu: afike kwangu kwenye ule mstari, asikohoe, aitaje kazi yangu kwa jina lake.

Kwetu ni Ihembe, kwenye kibanja cha migomba na mibuni kama vibanja vingine vya pale. Baba ni mzee wa kanisa, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, tena ni msemaji wa ukoo. Msemaji ni mtu mkubwa kwetu. Watu wakija kuposa hawaongei na baba wa binti, wanaongea na msemaji, na wao wanakuja na wa kwao. Hao wawili wanaweza kukaa kutwa nzima wakijifanya hawajui kilichowakutanisha. "Karibuni wageni, mmepotea njia?" "Hatukupotea, tulikuwa tunapita tu, tukasema tusipite bila kusalimia." Baba alikuwa hatari kwenye kazi hiyo. Akishataja ng'ombe anaowataka ananyamaza, uso mkavu, anatafuna akamwani polepole.

Akamwani ni kahawa ya kutafuna. Ni buni iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha ikaanikwa, na kwetu mgeni hajakaribishwa mpaka awe nayo mdomoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikipitisha kikapu. Napiga magoti mbele ya mzee mmoja mmoja, nanyoosha kikapu kwa mikono miwili, na nikiwa pale chini, usawa wa mikono yao, naona kila kitu.

Niliona kwamba baba akiwa na hoja nzito anatafuna polepole, na akiwa hana kitu kabisa anatafuna polepole vile vile. Wenzake hawakuweza. Msemaji wa upande wa pili akibanwa, vidole vyake vilikuwa vikitafuta buni ya pili kabla ya kwanza kuisha. Nilikuwa na miaka kumi, labda kumi na mmoja. Nikirudi jikoni namnong'oneza mama, "Watatoa. Wale watatoa tu." Mama anasema funga mdomo wako uangalie moto. Na walikuwa wakitoa.

Kampala nilifikia jikoni kwenye hoteli moja kubwa yenye ukumbi wa mashindano ya karata. Siku moja nilitumwa kupeleka chai ukumbini, nikasimama nyuma ya mchezaji mmoja na birika mkononi mpaka msimamizi akanifokea. Kila mtu alikuwa na karata zake mbili amezifunika, na katikati ya meza zilifunuliwa nyingine tano za wote. Anayeunganisha vizuri kuliko wenzake ndiye anayechukua. Lakini hapo sipo penyewe. Penyewe ni kwamba unaweza kuwa huna kitu, ukasukuma mbele vile vidude vya duara wanavyoviita chipu, ukaweka uso mkavu, na mwenzako akaogopa akatupa karata zake nzuri. Umechukua, na hakuna mwenye haki ya kukuuliza ulikuwa na nini. Nilisema moyoni, jamani, mbona hii ni posa. Wameivalia miwani myeusi na kofia za jua ndani ya nyumba, lakini ni posa ile ile.

Wagawaji karata wa pale walinifundisha mchana, wakati wa mapumziko yao, nami niliwalipa kwa ndizi nilizowapikia vizuri. Baada ya mwaka mmoja nikajaribu shindano dogo. Nikatolewa kabla chai ya saa nne haijapoa. La pili hivyo hivyo. Shida yangu haikuwa uso, uso ninao wa baba. Shida ilikuwa hasira. Mtu ananiambia, "Mama, jikoni ni upande ule," nami nasukuma chipu zote mezani ili nimwonyeshe jikoni ni wapi. Yeye ana karata, mimi nina hasira, narudi nyumbani kwa miguu.

Kilichoniponya ni kikapu kile kile. Mama alinitumia kifurushi cha akamwani, nikaanza kutafuna nikiwa mezani. Mtu akinichokoza, natafuna. Nikipata karata nzuri, natafuna. Mdomo ukiwa na kazi ya polepole, moyo nao unajifunza mwendo huo. Wenzangu walidhani ni dawa ya kienyeji, wakanishtaki kwa msimamizi. Akaja kukagua, nikampa chache kwa mikono miwili kama mgeni yeyote, akatafuna zote kwa mpigo. Nasikia alikesha siku mbili. Tangu hapo hakunisumbua tena.

Nikaanza kufika mbali. Mara ya kwanza nilipokaa meza ya mwisho, ile ya watu tisa waliobaki katika ukumbi mzima, ilikuwa Kigali, na mikono niliikalia isije ikanisaliti. Kisha Nairobi, kisha Kampala tena mara mbili. Nikawa na jina: yule mwanamke wa Tanzania anayetafuna. Nasema wazi, bila kujishusha, naipenda kazi hii. Napenda kuingia ukumbini asubuhi mapema wakati viti bado vimepangwa na karata hazijaguswa. Napenda pale mtu mzima mwenye saa ya bei mbaya anapojaribu kunisoma uso na asikute maandishi. Kuna siku nacheka mwenyewe barabarani.

Baba nilimwambia mwenyewe. Tulikuwa tunachuma kahawa, yeye mti wake, mimi wangu.

"Tata, ile kazi ya jikoni niliiacha. Sasa nacheza karata."

"Karata?"

"Karata, tata. Mashindano."

Akachuma mti wake wote hadi tawi la mwisho. Halafu akauliza, "Na wakiniuliza kanisani?"

"Waambie hivyo hivyo."

"Hm," akasema, akahamia mti mwingine.

Jumapili wakaja wageni, tukasimama mstari, akafika kwangu, akakohoa. Mambo ya hoteli. Angegomba ningejua pa kumshika, kwa sababu ugomvi nauweza. Lakini baba hakunikasirikia hata siku moja. Aliona aibu, na aibu ya baba mpole inauma kuliko fimbo. Nilifunga mzigo siku moja kabla ya siku yangu ya safari, nikavuka Murongo nikirudi Uganda huku nalia kwa hasira nyuma ya pikipiki, na dereva akanishauri nifunge mdomo nisimeze vumbi.

Mwaka uliofuata likaja shindano kubwa kuliko yote niliyowahi kucheza. Tulianza ukumbi umejaa, na mchana wa siku ya pili tulikuwa tumebaki meza tatu. Nilikuwa na chipu za kutosha na kifurushi cha akamwani kimejaa. Kila meza inapopungukiwa watu, wanaivunja, wanawagawa waliobaki kwenye meza nyingine, kwa hiyo sura mpya zilikuwa zinakuja na kuondoka.

Nikagawiwa karata mbili. Nikazikunja pembe kidogo, nikachungulia. Ree ya shupaza. Ree ya kopa.

Kwa asiyejua mchezo: ree ndiyo karata kubwa kuliko zote, na kuanza nazo mbili hakuna kinachozidi. Unaweza kucheza tangu asubuhi hadi jioni usizione. Na kijana wa Nairobi aliyekuwa mbele yangu alikuwa tayari ameshasukuma fungu kubwa la chipu mezani, maana yake na yeye alikuwa na kitu. Zamu ilikuwa inakuja kwangu. Nilitafuna polepole.

Hapo ndipo mtu mmoja akaja na trei ya chipu zake, amehamishiwa kwetu. Mzee, koti refu, miwani myeusi, kofia ya pama. Akaitazama meza, akavua kofia, akaiweka juu ya goti kabla hata hajakaa sawasawa. Mtu mmoja tu duniani niliyemjua anakaa hivyo.

Alikuwa mzee wa ng'ombe. Ndivyo tulivyomwita utotoni. Ni mfugaji wa kule nyikani kupita Kimuli, rafiki wa baba tangu ujana wao. Yeye alileta samli na maziwa, baba alimpa ndizi na kahawa, na akija alikuwa anakaa kwetu hadi jua linageuka, kofia juu ya goti. Ndiye aliyenibeba mgongoni nilipovunjika mguu, hadi zahanati. Nilikuwa sijamwona miaka mingi.

Sikufikiri. Hapo ndipo nataka nieleweke, maana watu wa Kampala bado wananiuliza nilikuwa nafikiri nini. Sikufikiri chochote. Niliinuka, nikazunguka meza, nikapiga magoti kwenye zulia la ukumbi ule mbele ya wachezaji wote na miwani yao, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili.

"Shikamoo, waitu."

"Marahaba," akasema, akashtuka, akavua miwani. "Wewe si wa Ihembe wewe?"

Basi, waitu ni neno letu la heshima kwa mtu mzima, na salamu yetu haiishii hapo. Ukishaanza Kinyambo unauliza nyumbani, unauliza watoto, ng'ombe, mvua, na yeye anauliza migomba, anamuulizia baba, anamuulizia mama, na kila jibu lina jibu lake. Tulikuwa tumefika kwenye ng'ombe niliposikia mgawaji karata akiniita kwa ile sauti yao ya adabu. Zamu yangu ilikuwa imefika na kiti changu kilikuwa kitupu. Sheria ni moja: zamu ikikukuta umeondoka kwenye kiti, karata zako hazipo tena. Akazivuta. Wakati anazivuta moja ikashika ukingo wa nyingine, zikageuka, na ukumbi mzima ukaziona zikiwa uso juu, nyeusi na nyekundu.

Kijana wa Nairobi akashika kichwa, akasema, "Dada, umerogwa?"

Mzee wa ng'ombe aliziangalia zile ree, akaniangalia mimi bado niko magotini.

"Mwanangu, zilikuwa zako?"

"Zilikuwa zangu, waitu."

"Ukaziacha, ukaja kunisalimia."

"Sasa ningefanyaje?"

Alivaa miwani yake haraka, na nikaona kidevu kinacheza.

Nilirudi kwenye kiti changu, na ningesema uongo nikisema nilikuwa mtulivu. Nilijitukana kwa lugha tatu. Nilitafuna buni hadi taya likauma. Lakini cha ajabu hasira haikuja ile ya zamani. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetoka nyumbani sasa hivi. Nikaanza kucheza vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Kijana wa Nairobi nilimtoa kwa mkwara mtupu, sina hata jozi. Na baadaye, Mungu anisamehe, mzee wa ng'ombe naye akasukuma chipu zake zote mbele yangu, nami nikazihesabu karata zangu, nikaona ninazo, na nikamtoa.

"Pole, waitu," nikamwambia. Safari hii nilisubiri mkono uishe, yaani mzunguko ule wa karata, ndipo nikainuka.

Alicheka hadi akashika meza. Kwenye mlango akanivuta pembeni. Alikuwa amejifunza karata Mbarara, kwa wakwe zake, wakati wa kupeleka ng'ombe mnadani, na nyumbani hakuna aliyejua. Mkewe aliambiwa yuko kwa daktari wa macho.

"Mimi sikukuona," akasema, "na wewe hukuniona."

"Sikukuona, waitu."

Tukapeana mikono. Mimi nikarudi mezani na nikamaliza wa pili katika ukumbi mzima, nafasi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Walinipa kikombe cha kioo. Nilikibeba kwenye pikipiki nimekifunga kwa kanga kama mtoto mchanga, na njia nzima nilikuwa naimba.

Ilipita kama miezi miwili. Msimu wa kahawa ulikuwa umeshaanza. Siku moja asubuhi baba akanipigia simu, yeye ambaye simu kwake ni ya misiba.

"Njoo nyumbani," akasema. "Na uje na hizo karata."

"Tata, kuna nini?"

"Njoo nazo." Akakata.

Nilijua anakwenda kuzichoma. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nilipanda basi hadi mpakani nikiwa nimepanga hotuba nzima kichwani, hotuba kali, yenye vituo vya kulia. Sehemu ya "mimi ni mtu mzima" nilikuwa naipenda sana.

Mama alinipokea nyuma, jikoni, chini ya bati langu, akanikalisha kwenye kigoda.

"Mzee wa ng'ombe alikuja," akasema.

Nikashtuka. "Alisema nini?"

"Alikaa na baba yako tangu asubuhi. Mimi napita na chai, nasikia maneno. Alianza kwa kukiri yake kwanza. Akasema, nimekuwa nakudanganya, rafiki yangu, mimi sina ugonjwa wa macho. Nacheza karata." Mama akajizuia kucheka. "Baba yako akataka kumwombea. Yeye akasema ngoja, sijamaliza, nataka kukwambia jambo la mwanao."

Yule mzee hakuwa na sababu ya kufanya hivyo. Tulikuwa tumepeana mikono. Habari ya zile ree ingebaki ukumbini, na siri yake ingebaki salama, na mkewe asingejua hadi leo. Alivunja siri yake ili aweze kuisema habari yangu, na kwa hilo nitampigia magoti popote nitakapomkuta, hata katikati ya barabara.

Baba alikuwa barazani, kwenye meza ndogo ya kuandikia mahesabu ya mazishi na harusi. Nikamsalimia nimepiga magoti. Marahaba. Akanionyesha kiti. Nikaanza hotuba yangu, nikafika neno la tatu.

"Ree mbili ni kitu gani?" akauliza.

Hotuba yote ikapotea.

"Ni karata kubwa kuliko zote, tata. Ukipewa mbili kwa mpigo, hakuna anayekuzidi pale mwanzoni."

"Zinapatikana mara nyingi?"

"Zinaweza kupita siku mbili hujazigusa."

"Na wewe siku hiyo ulizihitaji."

"Sana."

"Mzee amesema uliziacha mezani ukaenda kumsalimia. Amesema hukutazama nyuma hata mara moja. Ni kweli?"

"Nilisahau kwamba ninazo, tata. Nilimwona yeye."

Baba aliinua mkono akajifuta pua kwa kiganja, jambo ambalo hatufanyi mbele ya watu.

"Mimi nilidhani mahali kama pale mtu anaacha alichofundishwa nyumbani," akasema. "Nilikuwa naogopa hilo tu. Haya, nifundishe."

Tulicheza wiki nzima, mchana, baada ya kazi ya shamba, na mama akiwa wa tatu. Chipu hatukuwa nazo, tukagawana akamwani. Mama alikuwa mchezaji mbaya kuliko wote niliowahi kukutana nao, kwa sababu alikula chipu zake. Unageuka, fungu limepungua, yeye anatafuna na kusema, "Nilikuwa nazijaribu." Baba ilimchukua siku moja kujua sheria na siku mbili kuanza kunitesa. Huyu mtu alikuwa amecheza poka maisha yake yote bila karata. Anasukuma fungu la buni, anaweka moja mdomoni, anatafuna polepole, anaangalia migomba. Mimi niliyewasoma matajiri wa Nairobi nilikuwa naduwaa mbele yake kama mgeni aliyekuja kuposa.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa barazani hapo hapo. Nilikuwa na wafalme wawili mkononi, karata nzuri mno. Mezani zilikuwa zimefunuliwa karata ambazo zingeweza kumpa mtu kitu kikubwa zaidi, kama angekuwa nacho. Baba akasukuma fungu lake lote la buni katikati. Akatafuna. Nikamwangalia mikono, mdomo, macho. Hakuna kitu. Polepole vile vile.

"Hodi hapa!"

Alikuwa mchungaji, amefika uani, Biblia kwapani. Mama akatupa kanga juu ya fungu lake la kahawa, kama vile kahawa ndiyo ilikuwa dhambi. Karata zilikuwa zimejaa mezani, na mzee wa kanisa ameketi mbele yake akiwa nazo mbili mkononi. Nilijua kinachofuata. Angezikusanya zote chini ya daftari na kukohoa. Sikumlaumu hata kidogo. Nikaanza kuinuka, magoti yameshakunjika.

"Kaa," baba akasema. "Una karata mkononi."

Nikabaki katikati, si nimekaa si nimesimama.

"Kaa, mwanangu." Halafu akainuka yeye, akanyoosha koti lake la ibada. Hakukohoa. "Karibu, mchungaji. Huyu ndiye mwanangu wa tatu. Anacheza karata. Mashindano, Kampala, Kigali, Nairobi, na ndiyo kazi yake. Juzi amekuwa wa pili katika ukumbi mzima. Atakusalimia mkono huu ukiisha, ndiyo sheria yao."

Aliyasema kwa sauti ile anayomtajia mdogo wetu muuguzi. Kuku walisogea.

Mchungaji aliangalia meza, akaniangalia mimi, akaangalia fungu la katikati. "Mnachezea nini?"

"Kahawa," baba akasema.

"Kahawa haina neno," akasema mchungaji, akavuta kigoda, akafunua kanga ya mama, akachukua buni moja akaitia mdomoni. "Endeleeni."

Zamu ilikuwa yangu. Nilizitazama karata zangu na sikuziona, macho yalikuwa yamejaa. Baba anatafuna, anangoja. Nikazitupa. Wafalme wangu wote wawili, chini.

Baba akalivuta fungu kwake kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine, jambo ambalo hakuna sheria inayomlazimisha mtu, akafunua karata zake. Mbili na saba. Hakuwa na kitu. Mama alipiga kelele ya kicheko hadi mchungaji akapaliwa.

Nilienda kwa mchungaji nikapiga magoti, nikamsalimia vizuri, nyumbani kwake, mama mchungaji, watoto, kwaya. Nikarudi kwenye kiti changu, nikafuta uso kwa pembe ya kitenge, nikakusanya karata na kuanza kuzichanga.

"Tata," nikamwambia kwa sauti ya chini, "na lile ulilomwambia mchungaji, nalo ni mkwara?"

Akaokota buni moja kwenye fungu alilonidhulumu, akanipa kwa mikono miwili kama mtu anavyompa mgeni.

"Hilo ni kweli," akasema. "Gawa."